Taya Limegoma, Sijanuna

Baba watoto na wanangu,

Maharage yako jikoni, yachemsheni mpaka yalainike kabisa. ~~Mimi msiniwekee.~~ Niwekeeni, ila myaponde. Na maji ya moto yawepo, nikirudi nitakanda taya.

Sijanuna. Leo asubuhi nilipiga mwayo, taya likakwama hapa karibu na sikio, nikashindwa hata kuwaitikia salamu. Daktari wa meno alishanionya kwamba fundi cherehani anayekata uzi kwa meno kutwa nzima anakichosha kiungo cha taya. Nimekwenda kwake tena. Kuanzia leo nakata kwa mkasi. Nimeufunga kwa kamba kwenye cherehani, na atakayeufungua atanitambua.

Ila nimeona. Mlipodhani nimekasirika, mliosha vyombo bila kutumwa. Taya likipona, siku moja moja nitanyamaza makusudi.

Mama