Nilimwona Akipigwa, Nikasema Kaanguka Mwenyewe

Mpendwa mshauri, Mama Recheli, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na ukinisoma redioni usiseme mimi ni mtoto wa nani, maana sijazoea hata kunyoosha mkono darasani, naandika kwa sababu mdomo umekataa.

Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, naishi Cheyo. Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Nikolaus, alinifundisha urefa wa mpira wa miguu kwa kuwa kitabu chake cha sheria ni cha Kiingereza na ni mimi peke yangu niliyekisoma mpaka mwisho, nikakipenda, kwa sababu ndani ya kitabu hakuna anayekuzomea. Jumapili ya wiki iliyopita nilichezesha nusu fainali ya vijana, Cheyo na Ng'ambo, kwenye kile kiwanja cha pembeni ambako wazee wanasema njia ya misafara ilipita, wapagazi na pembe za ndovu vichwani, na walioishiwa nguvu walianguka hapo hapo wakafukiwa hapo hapo. Mimi sikuwa nawaza hayo, nilikuwa nawaza watazamaji, maana dakika ya kumi tu nilipiga filimbi ya kuotea na kaka mmoja akapaza sauti, "Dada refa, unachezesha au unaita kuku?" wakacheka uwanja mzima, na kuanzia hapo filimbi ikawa nzito.

Kipindi cha pili ikapigwa kona, Lugembe wa Ng'ambo akaruka, kipa wetu Adinani akatoka golini, mpira hakuugusa, akapeleka goti, likamkuta Lugembe juu ya sikio la kulia, nikasikia mlio kama kibuyu kinapobwagwa chini, na watu wote macho yao yalikuwa yameufuata mpira upande wa pili, ni mimi tu niliyekuwa namtazama kipa kama kitabu kinavyoagiza. Nilijua la kufanya, mshauri: simamisha mchezo, penalti, kadi nyekundu, aliyeumia kichwa atoke na asirudi. Filimbi ilikuwa mdomoni. Pumzi haikuja.

Wenzake wakaita, "Mwagieni maji huyo, ainuke!" wakammwagia ndoo nzima kichwani kama ilivyo kawaida yetu, na kweli akainuka, akanijia anatabasamu, akaniuliza, "Dada refa, tunaelekea wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono goli la upande wa machweo. Akacheza mpaka mwisho, Ng'ambo wakashinda, wakambeba mabegani.

Wakati watu wanatawanyika bibi yake aliyemlea, Bibi Mwanne, akanishika mkono. "Mjukuu wangu haitikii salamu. Kagongwa na nani?" Adinani alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, anavua glovu. Nikasema, "Hakugongwa, bibi. Kaanguka mwenyewe." Bibi akakitazama kiwanja, kilikuwa kitupu kabisa, akasema taratibu, "Basi kuna waliomwangusha." Adinani aliponipita akaniambia, "Refa, leo umechezesha vizuri."

Tangu hapo, kila siku saa saba mchana, jua liko utosini, Lugembe anapita mbele ya nyumba yetu, anatembea katikati ya njia, mkono mmoja kauinua kichwani kama anashikilia kitu kisidondoke, na kichwani hakuna kitu. Shingo imekaza. Mbwa wetu anabwekea hata majani makavu, lakini Lugembe akija anaingia chini ya kitanda. Akinifikia anasimama, tabasamu lile lile, "Dada refa, tunaelekea wapi?" Juzi sikumjibu, akauliza mara tisa kwa sauti ile ile, nikashindwa, nikamwonyesha machweo, akaenda. Watu wa baiskeli ndio wanaomrudisha, wanamkuta mbali njia ya Ujiji. Anasema kichwa kizito, mzigo umemkalia, na wenzake wa nyuma wanamsukuma. Anatapika. Mdogo wangu Doto alimsogelea jana akaniambia ule weusi wa jicho moja umekuwa mkubwa kuliko wa jicho jingine.

Sasa Ng'ambo yote inasema wapagazi wamemtwisha. Kesho Ijumaa wanapeleka unga mweupe wa mtama kiwanjani kutambika, ili wamtue mzigo, na Jumamosi acheze fainali, na refa ni mimi. Hospitali haijatajwa, kwa nini itajwe, si alianguka mwenyewe? Na baya zaidi nakuambia wewe tu: niliposikia ni wapagazi, nilifurahi. Lakini leo alipopita nilisikia nyayo nyingi nyuma yake, na vumbi alilotimua halikuwa la mtu mmoja, sijui ni mimi au ni kweli. Nikisema, Adinani kwisha, Ng'ambo watakuja nyumbani kwetu, na mimi sitaitwa tena kuchezesha. Nifanye nini?

Refa wa Cheyo

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeikuta asubuhi hii imesukumwa chini ya mlango wa studio, nimeisoma nimesimama, na nyimbo za saa hii nimeziondoa. Pole. Kuzomewa na uwanja mzima ukiwa na miaka kumi na saba si jambo dogo, na wale waliokuita mwita kuku wana sehemu yao katika hili. Hapo huruma yangu inaishia.

Hukumwua mtu kwa kukosa pumzi. Hata marefa watu wazima huikosa. Kosa lako ni sentensi ile uliyomwambia bibi wa watu. Uliona goti, ukasema hakuna kitu, na mahali palipo na hakuna kitu watu hujaza wanachokijua. Wapagazi wale walibebeshwa mali za wengine mpaka wakafa njiani. Leo unawatwisha na goti la Adinani. Wazee wana haki ya kuwakumbuka kwa unga wao, sitawacheka. Ila huyu kijana hajabebeshwa na marehemu.

Nyayo ulizozisikia siwezi kukueleza. Jicho naweza. Mtu aliyepigwa kichwani, anatapika, anarudia swali moja, na mboni ya jicho moja imepanuka kuliko ya pili, huenda damu inavujia ndani ya fuvu. Si wa kesho huyo. Ni wa sasa hivi. Na nyinyi wa ndoo za maji, wa Ng'ambo na wa Cheyo, sikieni: maji humwinua mtu, hayamponyi. Akigongwa kichwa anatoka, harudi siku hiyo, na anaonwa na daktari.

Mpitie Mwalimu Nikolaus, usiende peke yako. Ingia kwa Bibi Mwanne, piga goti, mwamkie, na useme bila kuzunguka: "Bibi, nilidanganya. Adinani alimpiga goti kichwani, upande wa kulia, nikaona. Tumpeleke hospitali." Akikutukana, nyamaza. Akilia, nyamaza. Lugembe asitembee, atafutwe gari, na asiachwe peke yake hata dakika. Daktari mwambie siku, upande, kutapika na jicho. Lugembe akikuuliza tena mnaelekea wapi, usimwonyeshe machweo. Mshike mkono umwambie, "Hospitali."

Baada ya hapo andika ripoti ya mchezo, Adinani ajibu kwa waandaaji. Fainali achezeshe mwingine. Filimbi utairudia siku utakayokuwa tayari kuchekwa.

Ni saa tano na robo. Ukimsubiri saa saba apite mlangoni kwako, huenda asipite. Bado unanisikiliza? Zima redio, mwanangu, uende.