Piramidi Iliyokosa Kitako

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua uvimbe, na kwamba shemeji bado anakoroma, maana siku akinyamaza ndipo tutakapoanza kuhofu. Huku tu wazima wa mwili. Tumbo langu linazidi kutangulia mlangoni, mimi nalifuata.

Uliniuliza kwa simu kama ni kweli shule yetu inafungwa, nikakwambia laini mbovu. Laini ilikuwa nzima, dada.

Ni kweli. Muhula huu ukiisha, milango yote inapigwa kufuli, pamoja na ya lile darasa la kwanza ulilofundisha miaka kumi na tisa. Wanafunzi watahamia shule ya ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wazazi wa wadogo wamekwisha sema kwamba watoto wao watabaki nyumbani.

Ilianza hivi. Muhula uliopita nilifundisha piramidi ya idadi ya watu. Badala ya kunakili ya kitabuni, niliwatuma wanafunzi nyumba kwa nyumba kuuliza umri wa kila mtu. Bibi mmoja asiye na jino aliwaambia ana miaka arobaini. Wakaandika hivyo hivyo, kwa adabu. Tukachora: wanaume kushoto, wanawake kulia, kila mstari miaka mitano, wachanga chini kabisa. Mstari wa rika langu ulitokeza kwa unene, wakasema ni kwa sababu nimeukalia mimi. Lakini chini palikuwa pembamba kama ncha ya pia. Msichana mmoja, tunayemwita Rula kwa jinsi anavyonyoosha mistari, aliutazama mchoro, kisha akaeleza kwamba vijana wamekwenda kutafuta kazi na watoto wanazaliwa hukohuko. Baada ya miaka mitano, darasa la kwanza litapata watoto wanne. Nilimpa alama zote. Ungeniona ungedhani nimemzaa mimi.

Barua ya kufunga shule ilipofika, ilitaja hao hao watoto wanne. Mwalimu mkuu akasema kikaoni kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Macho yote yakamgeukia karani, yule Redio, ambaye habari hazimkai kifuani. Aliapa, akalia, hakuna aliyemsadiki. Tangu siku ile anakunywa chai peke yake, na juzi ameandika barua ya kuacha kazi.

Dada, ni mimi. Niliukunja ule mchoro nikaupeleka kwa mkono wangu ofisi ya elimu, uingie kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi. Nilitaka kusifiwa, basi. Ofisa aliutazama sana, akaniuliza kama hesabu ni za kweli. Nikajibu kwa kifua mbele kwamba wanafunzi wangu hawabahatishi. Na kikaoni nilikuwa nimekaa bega kwa bega na karani, nikitazama viatu vyangu.

Jana Rula alinifuata ofisini akauliza kama ni mchoro wake uliofunga shule. Nikamwambia hapana. Aliniamini, akashukuru, akaenda zake.

Mara tatu nimeanza barua hii nikiielekeza kwa mwalimu mkuu. Kila mara mkono umeandika jina lako.

Msalimie shemeji, wabusu wajukuu. Usiniandikie kwamba yatapita.

Ni mimi mdogo wako,
mwalimu kwa wiki sita zilizobaki.