Nembo Niliyoikwangua Mkiani

Fundi wangu,

Usifungue dirisha la sebuleni, gundi ya bawa la kushoto haijakauka. Chai iko kwenye chupa. Nimeenda kwenye mkutano wa mafundi, ~~msinisubiri~~ nitarudi tule pamoja.

Sasa ya asubuhi. Nilipoona umeichora nembo ya ile kampuni ya ndege kwenye mkia wa ile ndege ya plastiki ya zamani unayoifufua, damu ilinichemka. Hao ndio walionifukuza kwa ajili ya mgomo, na mimi si mtu wa kusahau. Nikaikwangua kwa ukucha huku nafoka, "Nembo ya wanyonyaji hailali kwangu!" Ukanijibu taratibu, "Baba, hata miwani hujavaa," ukabeba begi lako ukaondoka.

Nimeivaa ulipokwisha kwenda. Chini ya bawa nikamwona mtu mdogo kama punje ya mchele, yuko juu ya ngazi, ovaroli ya rangi ya chungwa, kofia kaigeuza nyuma. Pale karakana yao ya ndege, nani mwingine zaidi yangu alivaa kofia hivyo? Wewe ulikuwa unanirudisha kazini, mwanangu, na mimi nakuharibia.

Mama yako atasema hasira hasara. Mwambie nimeshajiambia.

Brashi nimekuoshea. ~~Mkia uache hivyo hivyo, iwe funzo.~~ Ichore upya nembo yao, tena ing'ae, ndege zao zilikuwa nayo. Ila yule wa kwenye ngazi, nakuomba, usimteremshe. Ashateremshwa mara moja, inatosha.

Baba yako, Mzee Mgomo