Simu Iliyoita Tabora

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Sie huku Chamazi wazima, ila babu yako miguu bado inamsumbua. Umeniuliza, kwa hayo masomo yako ya kompyuta, kama kompyuta ya upande wa pili isipojibu, ndiyo mtandao umekatika. Si lazima. Pima njia kwanza. Kimya kina sababu nyingi.

Usichanani mwangu nilikuwa naunganisha simu za watu posta, mjini. Mama mmoja alikuja kumpigia mwanawe, Tabora. Ikaita bila kupokelewa. Nikamwambia, "Laini nzima, mama, hakuna wa kupokea."

Kesho yake tukapiga tena, akapokea jirani aliyekuwa mle nyumbani. Akasema kijana alishafariki, wameshamzika.

Mama alilia, kisha akanishika mkono. "Mwambie jirani asipokee tena. Nipigie, niisikie inavyoita kwa mwanangu."

Nikampigia. Tukaisikiliza wote wawili mpaka ikakatika yenyewe.

Akupendaye,
Bibi Mwanahawa