Mlango wa Nyuma wa Ghala la Babu

Heru Juu,
Kasulu, Kigoma.
22 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Hilali,

Assalaamu alaykum. Hilo neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua, nikiwa darasa la tatu, ukaniambia barua isiyoanza kwa upendo ni hati ya mashtaka. Basi nimeanza kwa upendo. Yanayofuata utayapa jina mwenyewe.

Hujambo huko Tanga? Kikohozi cha Mama Mwanaheri kimepoa? Na sukari yako je, bado unaidanganya kwa chai kavu halafu unaifuatisha na halua? Nauliza kwa dhati. Hasira yangu haijafika mahali pa kukutakia ugonjwa.

Mimi ni mzima. Kiangazi kimekaza, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye unga, na vilima vya upande wa Buhigwe vinaungua kila siku kwa mioto ya watu wanaosafisha mashamba. Mama, dada yako, yuko Kibondo, magoti yanamsumbua lakini sokoni anafika na kurudi. Salamu za kukupa hakunipa. Nilimuuliza mara mbili.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikikupigia hupokei, na nikikutumia sauti unaifungulia spika dukani, wateja wote wanaisikiliza. Barua hii anaileta Khatibu, anakuja huko kufuata mzigo wa vyombo. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu wa kaunta.

Nianze na kazi, maana wewe ndiye uliyeniandikia barua ya utambulisho, na una haki ya kujua mtu uliyemsifia anaendeleaje. Tuliajiriwa wanne mwezi wa sita. Kampuni yetu inashauri mambo ya moto: tunaingia kwenye majengo, tunapima, tunachora njia za watu kutokea, tunaandika cha kurekebisha kabla moto haujaja. Watu wakituona na kofia zetu wanauliza gari jekundu tumeliacha wapi. Tumechoka kueleza.

Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la mabati. Meza yangu imepakana na ya Elisante, kijana wa Same, ambaye ugali wa muhogo mpaka leo anaumeza kama anameza dawa. Bosi wetu ni Injinia Tharsisi, Muha wa Muyama, mtu mfupi asiyecheka hata akisimuliwa la kuchekesha. Wiki ya kwanza hakutupa kompyuta. Alitupa kipande cha kanga kila mmoja.

Ndiyo kawaida ya pale. Mchoro haupigwi sahihi mpaka utembewe kwa kitambaa, na aliyeuchora haruhusiwi kuutembea. Mwenzake ambaye hajawahi kuingia jengo hilo anausoma dakika tano, anafungwa macho, anawekwa kwenye kitanda cha mbali kabisa, anaambiwa atoke nje. Na ni kukimbia, kwa sababu Injinia anasema hakuna mtu aliyewahi kutembea akitoka kwenye moshi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na majedwali yangu kichwani. Nilimwona mzee anatuchezesha kombolela.

Mwezi wa saba likaja shirika linalowalipia pango wasichana wa sekondari Kibondo, likataka hosteli zote inazozitumia zikaguliwe. Namba nne kwenye orodha ilikuwa ghala la Babu. Injinia akauliza nani anaijua Kibondo, mimi mkono ukawa wa kwanza kupanda. Kwamba ni jengo la mjomba wangu sikusema. Nilitaka kazi yangu ya kwanza iwe safi, halafu nimwambie, ajue nimetoka ukoo gani. Ndivyo nilivyokuwa najivunia wewe.

Lile ghala nimekulia ndani yake, na wewe unajua. Maharage yalikuwa yanaingia mlango wa mbele penye mizani, yanatokea mlango wa nyuma kwenda kwenye lori, na kizingiti cha nyuma kilikuwa kiti changu. Ulipoligawa vyumba ukaweka vitanda vya dabo deka, mlango ule ulibaki. Niliuona kwa macho yangu mwaka ninaokwenda chuo. Kwa hiyo nilipokwenda kupima, nilipima vyumba, korido na madirisha yenye nondo, wasichana sitini na wawili nikawaandika kitanda kwa kitanda. Mwisho wa korido palikuwa na pazia. Matroni akasema nyuma yake wanaweka ndoo. Zilikuwa hatua sita tu za kwenda kulifunua, na sikuzipiga. Nilikupigia wewe simu.

"Mjomba, mlango wa nyuma bado upo?"

"Upo, mwanangu. Mlango utakwenda wapi? Wewe chora tu, nyumba yenu hiyo."

Nikachora. Kwenye fomu yetu kuna mahali pa kujaza habari ya kila mlango umeipataje, na mimi nikaandika: nimeuona. Hilo ni kosa langu na sikusingizii. Nilichora mlango wa utoto wangu kwa neno la mjomba wangu, nikapiga sahihi.

Jumamosi ya tarehe tisa tukaenda Kibondo kuutembea mchoro. Akachaguliwa Elisante. Aliusoma dakika zake tano, akaniambia, "Dada Mwajabu, umeichora hii nyumba kama unaolewa humo." Wote tukacheka, hata mimi. Nikamfunga kitambaa mwenyewe, wakampeleka kwenye kitanda cha mwisho.

Akakimbia. Kona mbili alizikata vizuri, mkono ukipapasa ukuta wa kushoto kama tulivyofundishwa. Kwenye korido ya mwisho mchoro wangu unasema: hatua kumi na moja, mlango, unafungukia nje, sukuma. Akausukuma, Mjomba. Aliusukuma kwa bega na uso wake wote, kwa sababu aliniamini.

Mlio ule sitaki kuueleza. Wasichana walicheka kwanza, wakidhani ndiyo mchezo wenyewe, wakanyamaza walipoona kanga imelowa damu. Pua ilivunjika, na jino moja la mbele tuliliokota sakafuni. Injinia akalivuta pazia. Ukuta wa matofali, plasta mpya, hata rangi haijaonja.

Hakupiga kelele. Aliugonga ukuta kwa kidole kimoja, akanigeukia.

"Yewe Mwajabu. Hapa umepaona kwa macho yapi?"

Mwanaheri ndiye aliyenijibia. Mwanao, Mjomba. Alikuwa ameshikilia nguzo ya kitanda, machozi yanamtoka.

"Dada, pamezibwa tangu mwezi wa nne. Upande wa pili imejengwa stoo ya simenti, wamepangishwa watu. Baba alisema ukija tukwambie ufunguo anao matroni."

Ana miaka kumi na tano. Umemfundisha mtoto wa miaka kumi na tano kudanganya kuhusu mlango wa kumtoa yeye mwenyewe. Na kitanda cha mbali kabisa, kile tulichomwanzishia Elisante, ni chake. Ulimpa chumba cha mwisho kwa sababu kina utulivu na dirisha kubwa, na dirisha lenyewe ukalitia nondo nene kama za benki. Nimelipima. Mkono unapita, kichwa hakipiti.

Tuliporudi Kasulu nilimwambia Injinia ukweli wote, kwamba jengo ni lako na mlango niliuchora kwa simu. Akatoa faili langu, akaisoma barua yako ya utambulisho polepole, neno kwa neno, pale ulipoandika kwamba mpwa wako hajui kusema uongo. Alipomaliza akaikunja vizuri na kuirudisha mahali pake, akaniongezea miezi mitatu ya majaribio. Bora angenitukana.

Elisante anakula uji kwa mrija. Siku ya kwanza aliyorudi kazini aliniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua. Akasema, "Hukugusa," akaendelea na kazi zake. Meza zetu bado zimepakana na mpaka leo hajanitazama.

Na wewe ulifanya nini wakati huo? Ulituma sauti kwenye kundi la ukoo. Nimezisikiliza zote kumi na nne. Nimekuwa kitoto mlichokilea kije kiwavue nguo. Kazi za Kasulu zimenipa kichwa kikubwa. Mara sauti ikalainika, ukaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mimi ndiye msomi wa ukoo, mimi ndiye jicho lenu, niandike tu kwamba mlango uko kwenye ukarabati, shirika likipita utaona la kufanya. Ukarabati gani, Mjomba? Matofali yanakarabatiwa yageuke mbao?

Hapo ndipo nilipoacha kukustahi. Kuziba mlango ningeweza kukuita mjinga, na ujinga watu tunasameheana. Lakini ulikwisha kusikia habari ya pua ya Elisante. Ulikwisha kujua kitanda ni cha nani. Na bado ukaniomba nichore tena kile kile.

Nilipokataa ukamrukia Mama. Sijui ulimwambia nini, najua alinipigia akilia, akaniomba niizuie ripoti mpaka uje mwenyewe. Amekulea, Mjomba. Alikubeba mgongoni wakati Bibi anaumwa, nawe ulijua pa kugusa. Kidogo nikubali, nakwambia kweli. Jumapili nikapanda gari mpaka Kibondo nizungumze naye, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwomba Injinia wiki mbili.

Nilipofika sikuyasema. Nilimchukua mpaka ghalani. Nikamketisha kwenye kitanda cha Mwanaheri, nikamfunga kitambaa, nikamwambia, Mama, toka nje. Mchoro hakuhitaji, ile ni nyumba ya baba yake. Alikwenda taratibu na magoti yake yale, kona ya kwanza, kona ya pili, hakusita hata mara moja. Alipofika mwisho aliinama kidogo, akapeleka mkono chini upande wa kushoto, pale lilipokuwa komeo alilolitengeneza Babu, lile la kufungulia kwa kuinua. Akapapasa plasta. Akapapasa juu, akapapasa chini, akarudi tena pale pale. Nilitaka kumfungua, akanikatalia kwa mkono.

Kisha akaniuliza, kitambaa bado kikiwa usoni, "Mwanaheri amelala humu tangu mwezi wa nne?"

"Ndiyo, Mama."

"Peleka karatasi yako."

Nimeipeleka. Jumatano, ina jina langu na sahihi yangu, na safari hii kila mlango nimeugusa. Imeandikwa kwamba jengo halifai kulaza mtu mpaka ukuta uvunjwe, mlango urudishwe, na nondo za vyumba vya ndani ziondolewe. Shirika limewahamishia wasichana kwenye bwalo la shule. Hosteli yako leo ina vitanda na magodoro tu. Unaweza kunilaani, lakini usije ukasema nilifanya kwa siri, ndiyo sababu nakuandikia.

Mwanaheri yuko kwa Mama, wanalala chumba kimoja. Anakula, ila ameingiwa na tabia: akiingia nyumba ya mtu, kabla hajaketi anauliza mlango mwingine uko wapi. Nakwambia kwa sababu hukuuliza. Sauti kumi na nne, Mjomba, na hakuna hata moja uliyouliza mwanao sasa analala wapi.

Ukitaka kuvunja ukuta, mwenye stoo ya simenti amekwisha kukubali kuhama. Alishangaa kama mimi, anasema ulimwambia upande wa pili hakulali mtu. Fundi wako yupo pale pale Kibondo. Ni kazi ya siku moja.

Nisalimie Mama Mwanaheri, mwambie binti yake ana afya. Nisalimie Badru na Nurudini, wasome. Nawe Mwenyezi Mungu akupe uzima na umri wa kutosha kuja kuuvunja ukuta ule kwa mikono yako, na akusamehe mapema kuliko nitakavyoweza mimi.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha kanga. Ni kile cha Elisante. Nimekifua mara mbili, doa limekataa kutoka. Jifunge nacho ukiwa kitandani kwako, ukimbie utoke mpaka uani. Usiogope kuumia. Nyumba unayolala wewe, mlango wa nyuma upo.

Mpwa wako, anayekupenda bado, na hilo ndilo linalomuudhi zaidi,

Mwajabu Isihaka