Jeshi la Sinema Lina Viatu vya Kila Mguu

Johannesburg, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, na baba, na wote wanaokunywa chai yako asubuhi. Je, goti la kushoto linakuacha ulale? Najua mvua imeshaanza huko Butembo, na najua unapanda ule mlima wa sokoni na maharagwe kichwani, halafu ukiulizwa unasema goti limepona zamani. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nalipa nyumba. Habari za moyo zinakuja huko chini. Mwambie Muhindo akusomee polepole, na asiruke maneno makali kama anavyozoea kuruka ili usiumie. Muhindo, nakujua, mdogo wangu. Soma yote.

Barua hii anaileta papa Hamisi wa Beni, yule mwenye malori, aliyekuja huku kutafuta vipuri. Anarudi kupitia Kampala na Kasindi, na ameniapia kwa Mungu wake kwamba ataikabidhi mkononi mwako. Nilitaka kukujibu kwa sauti kwenye simu kama ulivyofanya wewe. Nikajirekodi, nikafuta, nikajirekodi tena. Kila nikifika kwenye jina la marehemu binti yako Kavira nalia na kuzima simu. Kwenye karatasi angalau mtu anaweza kulia na kuendelea kuandika.

Sauti yako nimeisikiliza mpaka naijua kwa moyo. "Masika, batu bale balikuya. Baliketi chini, hata kiti balikataa. Baliletaka mbuzi na kasiksi, pombe ya ndizi. Na ule binti wa umri ya Kavira njo alikuya nabo, ule alipigaka kelele wa kwanza kule ku mayi. Analia tu. Baba yako amesha kusema neno yake, Muhindo pia. Sasa tunangoya yako, ju weye njo mukubwa. Lakini ufanye haraka, mbuzi iko inakula lenga-lenga, mboga yangu yote."

Nilicheka pale kwenye lenga-lenga, mama, na kicheko kikageuka. Kwa hiyo watu wa kijiji kilichomuua mdogo wangu wameketi chini kwenye uwanja wetu, wamefunga mbuzi nyuma ya jiko, na mbuzi huyo hawezi kuchinjwa mpaka mtoto wa kwanza wa nyumba afungue mdomo na kusema kama anasamehe. Mtoto wa kwanza yuko huku kwenye nchi ya watu, anashona. Basi mbuzi asubiri kidogo. Kabla ya kukupa neno langu nataka ujue ninashona nini, kwa sababu neno lenyewe limetoka humo.

Nashona sare za wanajeshi. Usishtuke, si wanajeshi wa kweli. Ni wa sinema. Hadithi yao ni ya miaka mingi sana ijayo, binadamu wamehamia kwenye nyota nyingine, na huko nako wamebeba vita vyao, hawakuvisahau nyumbani. Katika jeshi hilo kuna wanaume, kuna wanawake, na kuna wengine wasiotaka kuitwa hiki wala kile. Najua hapo umefanya ishara ya msalaba. Haya, ukimaliza, sikiliza: wote wanavaa sare moja, na ile sare lazima imkae kila mmoja wao kama vile alishonewa peke yake.

Anayezichora ni mama mmoja anaitwa Thandi, ndiye mkubwa wetu pale kwenye karakana. Ni mtu mwema, nami nasema hivyo nikiwa na hasira. Kabla ya kuchora mstari hata mmoja aliwaita watu wa maumbo yote, wanene, wafupi, wenye nyonga kubwa, wasio na kifua, akawauliza mmoja mmoja. Ukikimbia, nguo inakubana wapi? Ukiwa katika siku zako unafanyaje? Ukiwa na mimba changa na bado uko kazini? Ukitaka kukojoa na mzigo uko mgongoni, unavua nini kwanza? Wanaume waliona haya. Yeye hakuona haya, aliandika tu.

Basi suruali ina kamba za pembeni, unalegeza au unakaza kufuata nyonga zako. Nyuma ina kifuniko chenye zipu, mwanamke anachuchumaa bila kuvua mkanda wala mzigo. Koti lina mikunjo mbavuni, tumbo likikua nalo linafunguka. Vyeo vimeshonwa mahali pamoja kwa wote. Kifuani tunaweka mabamba ya kuzuia risasi, nayo ni sponji iliyopakwa rangi ya chuma, mama. Sponji! Risasi zenyewe hazipo, watazichora baadaye kwenye kompyuta. Lakini hiyo sponji tunaikata kwa vipimo vya kila kifua, ili isimfinye mtu matiti akilala chini kulenga adui ambaye pia hayupo.

Na botini. Kuna fundi wa viatu, mzee mkimya, anachukua kipimo cha kila mguu, wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake. Wiki aliyokuja kupima nilitafuta sababu ya kukaa mbali na meza yake. Nilijifanya nina kazi ya vifungo.

Unajua ni kwa nini. Lakini nataka kukueleza jinsi mimi nilivyolisikia jambo hili, kwa sababu Kavira mengi alikuwa ananiambia mimi tu, ili wewe usikose usingizi. Alipoingia jeshini sote tulimpinga. Yeye alisema amechoka kukimbia. Baada ya ile siku wachinjaji walipovamia shamba la kakao la mama mdogo kule Oicha, alisema afadhali afe akiwa amesimama. Walipomaliza mafunzo na kutumwa upande wa Mabalako, alinipigia simu mimi dada yake huku anacheka. "Yaya, tenue ya jeshi yenye banatupatia, batu babili kama miye banaweza ingia ndani. Na botini, weee! Quarante-trois! Miye navala trente-sept."

Botini namba arobaini na tatu kwa mguu wa thelathini na saba! Nikamwambia aende akaombe nyingine. Akaniambia alishaenda. Yule mwenye kutunza stoo alimjibu hivi: "Hapa hapana kuwa boutique, ma chérie. Weka matambara kwa mbele." Akaweka matambara. Akaanguka kwenye doria, akaanguka tena mtoni, kisigino kikawa kidonda. Mkubwa wake alimwonea huruma, kweli alimwonea huruma, akamruhusu avae zile bote za mpira alizotoka nazo nyumbani, zile zako za kulimia, za kijani. Kavira alifurahi. Aliniambia kwa mara ya kwanza tangu aingie jeshini anaweza kukimbia.

Mtu wa hapa hawezi kuona ubaya wa jambo hilo. Nimejaribu kumweleza Thandi, hakuelewa mpaka nilipoanza upya. Kwetu, mama, nani hajui? Wanaokuja kuchinja watu wanakuja wamevaa nguo za jeshi vilevile, kofia vilevile. Kwa hiyo watu wamejifunza kuangalia miguu. Mwanajeshi wa kweli amefunga botini zenye kamba. Adui amevaa bote za mpira, au ndala. Hata mtoto anayetumwa chumvi anaangalia miguu kwanza, uso baadaye. Wewe mwenyewe ukienda Beni unafanya hivyo, nami nilifanya hivyo mpaka siku niliyopanda gari kuondoka.

Na asubuhi ile walimtuma Kavira kijijini, peke yake, kununua unga. Watu wa kijiji walikuwa wameambiwa adui yuko karibu, hawakulala. Yule binti alikuwa kwenye maji na ndoo yake. Akaona suruali ya jeshi imekunjwa, pana kama gunia, na chini yake bote za mpira. Akapiga kelele. Kavira alisema kwa Kinande, lugha yetu, kwamba yeye ni mtoto wa Butembo, akataja na mtaa wetu. Wakamjibu hata maadui wanajua Kinande, wakaanza kurusha mawe. Wenzake walipofika walikuta mawe tu na watu wanaoanza kuelewa.

Niliandika hayo yote kwa mara moja, sasa nimepumzika kidogo na kunywa maji.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya kujaribisha sare. Alikuja binti mmoja mwigizaji, mwembamba, mguu mdogo, mguu wa Kavira kabisa. Kazi ya kumfunga kamba ilikuwa yangu, sikuwa na pa kukimbilia. Nikapiga magoti, nikamvisha botini, nikabonyeza mbele na nyuma. Kisigino kimekaa. Vidole vimekaa. Akasimama, akaruka, akakimbia mpaka mwisho wa karakana na kurudi, akasema anasahau hata kama amevaa viatu. Wote wakapiga makofi. Thandi akanishika bega kwa furaha.

Mimi nilibaki nimepiga magoti pale chini. Nilimchukia yule binti kwa sababu ya mguu wake, na hakunikosea kitu. Nikawaza: jeshi ambalo halipo, kwenye nyota ambayo haipo, lina viatu vya kila mguu. Na lile la kwetu, ambalo lipo, ambalo tunaliombea kila Jumapili, lilikuwa na quarante-trois na matambara. Nilitoka nje, nikakaa nyuma ya mapipa ya takataka, nikalia mpaka aproni ikalowa.

Thandi alinifuata. Aliniuliza wanawake wa jeshi la kwetu wanavaa nini. Nikamjibu wanavaa kinachobaki kwa wanaume. Akataka kujua zaidi, nami nikamwambia yote. Alilia, sitamsingizia. Lakini alipofuta machozi alisema hii ni hadithi nzuri sana, na kama ningekubali, wangeweza kuiweka kwenye sinema, msichana mwenye botini kubwa. Nikamwambia hapana. Mdogo wangu hawezi kufa tena kwa ajili ya watu wanaokula bisi gizani. Akaomba radhi, na mimi kesho yake nikarudi kazini, kwa sababu nyumba inalipwa.

Sasa jambo la mwisho kabla ya neno. Muhindo aliniambia kwamba jeshi lilipowaletea vitu vya Kavira, mlizikuta zile botini bado kama mpya, na kwamba baba anazivaa shambani, zinamtosha barabara. Simlaumu baba. Viatu ni viatu, na matope ya huko nayajua. Ila tangu nisikie hivyo, nikimwaza baba akitembea kati ya mihogo, namwona amevaa jibu la yule mtu wa stoo.

Nisalimie baba, mwambie nimemkumbuka yeye na kikohozi chake. Nisalimie mke wa Muhindo, na mtoto wao ambaye sijamshika. Nisalimie mama mdogo wa Oicha, akibaki huko nitamgombeza, ahamie Butembo kabla wachinjaji hawajamfuata tena. Msalimie jirani yetu anayekukamulia maziwa, na padri mzee aliyemzika Kavira bila kukubali hata sadaka. Papa Hamisi mpe chai na mukate, na usimruhusu aondoke kabla hajala.

Na wale watu, neno langu ni hili. Nina hasira nao, mama, sitakudanganya. Lakini kila ninapoihesabu hasira yangu naona walifanya kile ambacho sote tulifundishwa na woga. Yule aliyesema hapa si boutique hatakuja kwetu na mbuzi. Hajui hata kama alimuua mtu. Hawa wamekuja, wakaketi chini. Basi sitawafukuza.

Siku ya kupokea mbuzi, baba azivue zile botini, azioshe, aziweke katikati ya uwanja ili wote wazione. Halafu yule binti azivae. Umesema ni wa rika la Kavira, mguu wake hautakuwa mkubwa. Azifunge kamba, atembee kutoka mlango wa nyumba mpaka pale wanaume walipoketi, na watu wote waangalie miguu yake kama walivyoangalia ya mdogo wangu. Asipigiwe kelele, asichekwe, hata mtu mmoja asiseme neno. Nataka wajue tu kwa nini Kavira alivaa bote za mpira.

Akianguka, mama, goti likuume lisikuume, wewe ndiye umwinue. Kavira hakuna aliyemwinua. Ukishamwinua, mchinje mbuzi, mimi nimesamehe.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,
Masika