Harusi Yangu Mwishoni mwa Filamu ya Muuaji

Kaka Sifuni,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdogo wako sijazoea kuanza na wewe bila salamu.

Tangu tukuzike kule Mbaga, kibanda chako cha video hapa Same kimefungwa. Juzi alikuja kijana kutoka Arusha, yule mliyekuwa mkiandikiana barua. Naye anakusanya mikanda ya filamu za kuchinjana na kuchekesha, zile zilizotengenezwa kwa shida. Akaomba aone ule wa mpishi muuaji, na ikiwezekana aununue.

Nilicheka, kaka. Filamu ambayo damu ni nyanya ya kopo, na kamba inayovuta mkono wa maiti inaonekana waziwazi! Nikakumbuka ulivyowaambia vibarua wa mkonge Jumapili mchana: "Jamani, hawa walikosa vifaa, hawakukosa moyo." Walipiga makofi hadi mabati yakalia.

Tukauweka kwenye ile deki uliyoitoa Taveta. Muuaji akainua panga... na hapo hapo Mama, marehemu Mama yetu, anakoroga sufuria la makande kwenye harusi yangu.

Mwaka ule wa harusi mitumba ndiyo kwanza inaingia, lakini mkanda mtupu haukupatikana Same nzima. Mpiga picha alikuwa na kamera tu. Ukauzungusha huu wako wa mpishi hadi karibu na mwisho, ukaziba kitobo cha nyuma kwa karatasi ili uweze kurekodiwa upya, ukampa. Ukaniambia, "Huu hauna kazi tena." Nikakuamini.

Halafu ukaendelea kuuonyesha! Mama akitokea, unatangaza: "Muuaji kaacha ubaya, kaja kula makande!" Sokoni wakaniita bibi harusi wa muuaji. Nilikununia mwaka mzima, nikasema huna heshima na harusi yangu.

Kijana akanipa barua yako nisome. Umeandika kwamba huo ndio mkanda uliokuwa ukiupenda kuliko yote, na hujapata mwingine. "Mwisho wake nilimpa mdogo wangu. Sijajuta."

Mbona hukuniambia, kaka? Nimelia, nikaurudisha nyuma, nikamtazama Mama tena. Pasipo wewe nisingekuwa naye hivyo, anacheka na mwiko mkononi. Asante. Nimechelewa kusema, lakini asante.

Kijana aliondoka mikono mitupu, ila alicheka vizuri. Jumapili nafungua kibanda. Mama akitokea, nitasimama pale uliposimama na kutangaza mwenyewe, kwa sauti.

Lala salama, kaka yangu.

Mimi, bibi harusi wa muuaji.